Nyota ya Tirdad

Tirdad alirudi kijijini kwao, karibu na Yazd, akiwa ameshaamua kulibadilisha jina lake. Kwenye karakana ya kuchomelea vyuma wenzake walimwita Risasi, kwa kuwa siku hizi, katika lugha yao, watu wakisikia "tir" huwaza risasi au mshale.

"Mama, sijawahi kukutana na Tirdad mwingine. Hivi mlikosa jina? Nataka kulibadilisha."

Mama yake, Golchehr, akacheka. "Kalale kwanza, mwanangu. Alfajiri nitakuamsha."

Alfajiri wakapanda juu ya paa la udongo. Jangwa lilikuwa kimya. Mashariki, juu kidogo ya milima, ikachomoza nyota moja kubwa, nyeupe, ikimetameta buluu na nyekundu kana kwamba inapumua.

"Ile ndiyo Tir," mama alisema kwa sauti ya chini. "Sisi Wazartoshti, watu wa dini ya kale ya nchi hii, tangu enzi za mababu tunaijua kuwa ndiyo mleta mvua. Na 'dad' maana yake aliyetolewa kama zawadi. Siku ya kukuzaa, mkunga alishatukatia tamaa, mimi na wewe. Baba yako akaja hapa juu kulia, asionwe na mtu. Nyota ile ikachomoza, na papo hapo akakusikia ukilia huko chini. Akasema, huyu tumepewa na Tir."

Tirdad akaketi pale juu ya paa. Habari ya kubadilisha jina hakuitaja tena. Jua lilipochomoza na kuimeza ile nyota, yeye bado alikuwa akipatazama pale ilipokuwa.