Barua ya Kumwita Mpundu

Watson, tarishi wa Wazungu, alikuja na boti ya wanunuzi wa samaki kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, lakini hakugusa samaki hata mmoja. Alikalia kinu changu kama cha mama yake.

"Bana Chola, habari muzuri. Bazungu ba huku na ba kule banasikilizana. Sheria mupya, siasa si kosa tena. Bwana yako arudi."

Mume wangu Mpundu alivuka ziwa mwezi Machi, mwaka huo wa 1959, chama chao kilipopigwa marufuku. Tangu hapo alikuwa amejificha kule.

"Kama ruhusa ipo, si umwambie mwenyewe?"

"Nilituma mutu. Anakatala kutoka mpaka aone mukono yako."

Kumbe hawakujua alipo; walitaka mwandiko wangu umtoe mafichoni. Wakubwa wakisikilizana, mimi nahesabu watoto wangu. Lakini kukataa kungenipeleka mimi kizuizini, na mwanangu Chola, ninayeitwa kwa jina lake, alikuwa bado ananyonya. Nikaandika: "Njoo Jumamosi. Mama yangu atakupokea ufukweni, mtakula sahani moja."

Watson alisoma kila neno, akainua macho. "Kula na mama mukwe? Mulishamwingiza nyumbani?"

"Mwaka jana. Tulichinja kuku sita. Wewe tu hukualikwa."

Akacheka, akatia barua mfukoni, akaenda.

Uongo mtupu. Sherehe ya kumwingiza Mpundu nyumbani kwa wakwe ilikuwa bado, na kabla yake mkwe hali na mama mkwe wala hakutani naye. Akimwona mama yangu njiani, aliingia majanini kwa heshima. Mama alikuwa jikoni, amesikia yote.

"Mimi, sahani moja na mkwe? Umenivua nguo, Ennie."

"Afadhali nguo kuliko uhuru wake, Mayo," nilimjibu mama.

Jumamosi afisa wa Kiingereza na mwenzake Mbelgiji walikaa ufukweni tangu asubuhi, wakinywa chai ya chupa moja. Askari wao walijibanza nyuma ya chanja za kukaushia samaki. Mama alisimamishwa mbele kabisa na sahani ya ugali.

Mchana ugali ukakauka. Hakuna mtumbwi uliotoka Kilwa.

"Anachelewa kwa nini?" Watson alinifokea.

"Uliza Mbelgiji wenu. Si mnasikilizana?"

Mama hakungoja ruhusa ya mtu. Aliketi mchangani akaanza kula peke yake. Nilipoinama kumpa maji, alininong'oneza, "Ameelewa uongo wako. Sasa utalea peke yako, mwanangu."

"Najua, Mayo."

Akanimegea tonge.