Aproni Kwenye Swichi

Niliwasha mimi. Naanza na hilo kabisa, usije ukakaa unasubiri nimtaje mtu mwingine. Kidole ni changu, hiki hapa cha kulia, na aliyekuwa ndani ya mashine ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa pekee. Siku tatu nilishinda na mdogo wangu hospitalini nikimfariji, nikimpangusa machozi, na yeye hajui kwamba anayemfariji ndiye aliyemvunjia nyumba. Nilikuwa na siku tatu za kumwambia. Sikumwambia.

Sasa tulia nikueleze.

Kiwanda chetu kinatengeneza chakula cha kuku. Si kikubwa: ukumbi mmoja wa bati, mashine ya kusagia mahindi, mashine ya kuchanganyia, na vumbi ambalo hata ukioga mara mbili, ukipenga kamasi linatoka la njano. Mashine ya kuchanganyia ndiyo kubwa lao. Ni pipa la chuma lililolazwa, refu kama gari dogo, na ndani yake kuna mapanga yanayozunguka kukoroga pumba, mahindi na mashudu. Mlango wake mdogo uko nyuma. Swichi iko mbele, ukutani. Ukisimama kwenye swichi huuoni mlango, na ukiwa ndani humwoni wa kwenye swichi. Aliyeipanga hivyo sijui alikuwa anafikiria nini.

Unga ukipata unyevu hugandia ndani, na lazima mtu aingie akwangue. Kwa sheria, anayeingia anafunga swichi kwa kufuli lake na ufunguo anautia mfukoni. Hapo hakuna wa kuiwasha mpaka atoke mwenyewe. Makufuli yalinunuliwa kweli, mekundu, kila mtu na lake lenye jina lake. Sote tulitia sahihi kwamba tumeyapokea. Tukaonyeshwa, yakarudishwa kwenye boksi, boksi likaingia stoo, na mlango wa stoo ukafungwa kwa kufuli. Eti yatapotea. Ukilitaka lako, uandike karatasi, karatasi isainiwe na meneja, na meneja mpaka umpate! Miaka miwili sikuwahi kuona kufuli hata moja nje ya lile boksi.

Basi tukabuni letu. Anayeingia ndani anavua aproni yake na kuitundika juu ya swichi. Ukiona aproni, kuna mtu ndani, usiguse. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na nilijivunia. Miaka miwili hakuna aliyekwaruzika hata ukucha. Mazoea yana taabu, lakini nani anakumbuka methali mambo yakiwa yanakwenda?

Aliyekuwa anaingia mara nyingi ni shemeji. Tulimwita Tembo kwa sababu ni mwembamba kama mti wa fagio, na mlango ule wengine ulikuwa hautupitishi. Mimi na yeye ni utani asubuhi mpaka jioni. Mimi ni msimamizi wa mashine, na mdomo wangu unajulikana. Alikuwa akiniambia, "Shemeji, ndiyo maana hukuolewa mara ya pili. Mwanamume akikohoa tu, unamzima." Nami namjibu, "Na wewe mdogo wangu alikuokota wapi, kwenye mifupa ya supu?" Anacheka mpaka anashika mbavu, nazo unaweza kuzihesabu. Nilimpenda kama tumezaliwa tumbo moja, nasema bila aibu.

Siku yenyewe tulikuwa tunasubiri wakaguzi wa usalama kazini, saa nne asubuhi. Meneja alizunguka ukumbini kama kuku anayetafuta pa kutagia, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Fagieni, futeni, pangeni! Akanijia. "Sitaki kuona aproni chafu imetundikwa popote. Na wageni wakifika nataka mashine ziwe zinanguruma." Nikasema sawa, bosi. Nikapaza sauti kwa mama wa usafi. Alikuwa na siku tatu tu kazini, mama mpole, hajui hili wala lile, na hakuna aliyekuwa amemweleza chochote, wa kwanza wa kulaumiwa mimi. "Kusanya aproni zote chafu, peleka nyuma!"

Nilikuwa nahangaika na mkanda wa mashine ya kusagia, nimempa mgongo. Baada ya muda nikasikia ananiuliza kwa upole, "Hata hii ya huku, dada?"

Sikugeuka. Hilo ndilo linaloniua. Nilisema, "Nimesema zote! Au unataka nikuchoree?"

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.

Kumbe meneja, bila kuniambia, alikuwa amemwita Tembo akamwagiza akwangue mashine ya kuchanganyia kwa sababu ilikuwa inatoa uvundo. Mimi nilijua yuko nje anapakia magunia. Tembo akafanya kama siku zote: akavua aproni, akaitundika kwenye swichi, akazunguka nyuma, akaingia.

Saa tatu na nusu nikaenda kuwasha. Nikaitazama swichi. Naapa niliitazama! Sikuwasha kama kipofu. Ilikuwa tupu, imefutwa mpaka inang'aa. Nikabonyeza.

Mashine ile naijua sauti yake kama ninavyojua kikohozi cha mama yangu. Ikianza tupu hulia nyepesi. Siku ile ilianza, ikagugumia, ikakwama, na hapo ilipokwama nikasikia mtu. Si neno. Sauti tu. Nikabonyeza kuzima, nikabonyeza tena na tena ingawa ilikwisha kuzimika, huku nauliza kwa kelele, "Aproni iko wapi? Aproni iko wapi?" kama mwendawazimu. Mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la aproni kiunoni, ananitazama. Hakuelewa. Mungu wangu, yeye hakuelewa, na mimi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu.

Kumtoa kulichukua robo saa. Fundi umeme alikata umeme, wengine wakarudisha mapanga nyuma kwa mikono, taratibu, nami nimeingiza kichwa kwenye kile kimlango nimemshika mkono. Alikuwa na fahamu zake. Uso wote unga, macho tu ndiyo yanaonekana. Akaniambia, "Shemeji, mbona umewasha?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu, kama mtoto aliyepigwa kofi katikati ya kula. Mguu wake wa kulia sikuutazama.

Sasa sikiliza hili, maana mpaka leo nikilikumbuka vinywele vinanisimama. Tulipomtoa, tumembeba kwenye turubai kuelekea garini, tulipita mbele ya swichi. Na juu ya swichi lilikuwa linaning'inia kufuli jekundu, jipya, bado lina mafuta ya dukani. Lina jina lake. Jina la Tembo, lile alilopewa na wazazi wake, limeandikwa kwa wino mweusi. Nikageuza kichwa: kila swichi ina kufuli. Mtunza stoo alikuwa anamalizia la mwisho. Jamani! Mtu analia ndani ya pipa, na huku makufuli yanatundikwa! Kumbe ndivyo ilivyopangwa tangu asubuhi: aproni ziondoke, kisha makufuli yatoke yapambe ukuta mpaka wakaguzi waende zao. Aproni ziliondoka mapema. Makufuli yalichelewa. Katikati hapo ndipo nilipobonyeza mimi.

Meneja alikuja mpaka kwenye mlango wa gari. "Poleni," akasema. "Ajali haina kinga."

Ajali haina kinga! Kinga ilikuwa stoo, ndani ya boksi, miaka miwili. Nilitaka kumrukia kooni, lakini kichwa cha Tembo kilikuwa mapajani mwangu.

Mguu ulikatwa jioni ile ile, juu ya goti. Mdogo wangu ni fundi wa kushona. Alikuja mbio na futi ya kupimia bado iko shingoni. Akauliza imekuwaje. Fundi umeme akasema, "Mashine iliwaka." Nami nikasema, "Ndiyo, iliwaka." Iliwaka! Kana kwamba mashine ina vidole. Neno hilo likaenea kwa ndugu na majirani, kila anayekuja anaambiwa mashine iliwaka, na mimi naitikia kwa kichwa. Mimi, mwenye mdomo unaojulikana! Mdogo wangu ananiambia, "Dada, bila wewe ningekuwa wapi," na mimi namnywesha chai.

Siku ya tatu asubuhi nikapishana na meneja anatoka wodini. Akanisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake, akapita. Mdogo wangu alikuwa ametoka kuchota maji. Juu ya kimeza cha Tembo kulikuwa na mfuko wa machungwa aliouacha meneja. Tembo akanivuta mkono, ananong'ona.

"Shemeji, nisikilize haraka. Mkaguzi yuko njiani, anakuja kuandika maelezo yangu. Meneja anasema ikijulikana wewe ndiye uliyeondosha aproni na wewe ndiye uliyewasha, unafungwa. Kwa hiyo nitasema kufuli nilikuwa nalo, nikasahau kuliweka. Kosa langu, yaishe."

"Una wazimu? Ukisema hivyo, hata magongo ya kutembelea hawatakupa. Watasema umejikata mwenyewe."

"Mguu umeshakwenda, Shemeji. Nikupoteze na wewe? Sasa nani atanitukana?" Akajaribu kucheka, ikamshinda.

Siku zote tatu nilikuwa najiandaa kwa matusi yake, laana yake, hata kutemewa mate. Nilikuwa nimeshajiambia nitavumilia. Kumbe mtu amelala pale na nusu ya mguu, anapanga namna ya kuniokoa mimi.

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu akaingia na ndoo ya maji, akaitua upande wa pili wa kitanda, na nyuma yake mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, daftari kwapani. Mkaguzi akavuta kiti. Mdogo wangu akaja kusimama karibu yangu, akaweka mkono begani kwangu, akaegemea.

"Pole sana, kaka," mkaguzi akasema. "Siku ile ulikuwa na kufuli?"

"Nilikuwa nalo. Nilisahau kuliweka. Kosa ni langu."

Akaandika. Nilikuwa naisikia kalamu ikikwaruza. Nakwambia ukweli: nilimwacha aandike. Moyoni kitu kikasema, haya, yameisha, nyamaza. Nikajisikia mwepesi, na wepesi ule ulinitisha kuliko damu yote niliyoiona kiwandani. Mkaguzi akamgeuzia daftari atie sahihi, na Tembo akanyoosha mkono wenye mrija wa dripu kuipokea kalamu.

"Usisaini!" Nilipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia. "Mama, futa hayo. Huyu anadanganya. Kufuli lake hajawahi kukaa nalo hata siku moja. Yote yalitoka stoo asubuhi ile, tukiwa bado tunamtoa kwenye mashine, nimeyaona kwa macho yangu. Sisi tulikuwa tunatumia aproni."

"Shemeji, nakuomba," Tembo akasema. "Nyamaza."

"Nyamaza wewe! Aliitundika aproni yake kama siku zote. Ikaondolewa kwa amri."

Mkaguzi akavua miwani. "Amri ya nani?"

"Ya meneja, kwangu. Na yangu, kwa mama wa usafi. Yule mama aliniuliza kwanza, tena aliniuliza vizuri, nikamfokea bila hata kugeuka. Yeye asiguswe."

"Na nani aliwasha?"

Mkono wa mdogo wangu ulikuwa bado uko begani kwangu, wa moto, vidole vimenikaza. Alikuwa amenigeukia kunisikiliza. Nilijua anachosubiri: anasubiri jina la mtu wa kumlaani.

"Mimi," nikasema.

Mkono ukaondoka. Alizunguka kitanda, akaenda kusimama upande wa pili, kwa mumewe, akanitazama kama mtu aliyekosea wodi. Mkaguzi alikuwa amefungua ukurasa mpya, ananisubiri. Nikaomba maji ya kunywa, na mdogo wangu, ndoo ikiwa miguuni pake, hakuinama kunichotea. Basi nikameza mate, nikaanza kumweleza mkaguzi tangu mwanzo, saa ngapi, nani alisimama wapi, nani alisema nini.