Bia ya Mwenye Nyumba

Jumamosi asubuhi Karna Bundgaard aliegesha gari nyuma ya duka la mikate la Askedal, akavuta breki ya mkono, akamwambia mama yake tena kwamba lile shada la matawi ya msonobari linaacha utomvu kwenye kiti.

"Nitafuta," mama yake alisema, akaendelea kulipakata.

Mama yake aliitwa Gerda, mwanamke mfupi wa miaka themanini na sita, na alikuwa amelipakata shada hilo tangu Fresno. Karna alidhani ni la kaburini. Hakuuliza. Alikwisha kujifunza kutomwuliza mama yake jambo ambalo jibu lake lingemwongezea kazi.

Wenzake kwenye kliniki ya meno walikuwa wamemwonea wivu. Wikiendi nzima Askedal, kwenye kinu cha upepo, nyumba za Kidenmaki na vitumbua vya jamu! Kapumzike, dada, umechoka mno, walimwambia. Karna aliwashukuru. Hakuwaambia kwamba anakwenda kumteremsha baba yake kutoka juu ya paa, kwa kuwa baba yake alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, na maelezo yangemaliza muda wote wa chakula cha mchana.

Baba yake, Aksel, alikuwa pale pale walipomwacha wakati wa Pasaka: juu kabisa ya paa la hoteli ya Korongo Mweupe, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule kama mtu aliyepanda farasi, penseli ya useremala sikioni. Korongo wawili wa mbao, waliowekwa pale ili kuleta heri, walikuwa wamesogea kidogo kumpisha. Chini yake wageni walipita wakila aiskrimu. Mmoja alimpungia mkono, naye akampungia.

Habari zake zilijulikana. Zamani, barabara kuu ilipohamishwa na magari yakaacha kupita Askedal, wakubwa wa mji waliamua kwamba mji wao, uliokuwa na Wadenmaki wa kutosha lakini nyumba kama za mji wowote wa California, sasa uonekane wa Kidenmaki kuliko Denmaki yenyewe. Aliyepigilia misumari alikuwa Aksel. Zile mbao nyeusi za msalaba kwenye kuta nyeupe, ambazo hazibebi chochote, ni zake. Kinu ambacho hakijawahi kusaga hata punje moja ni chake. Lakini kenchi za Korongo Mweupe, zile mbao zinazobeba paa, zilikuwa kenchi za kweli, na Wadenmaki wana desturi yao juu ya kenchi za kweli. Siku kenchi zinaposimama, mafundi hutundika shada la majani juu kabisa, na mwenye nyumba hupanda kwa miguu yake, akiwa na bia na soseji mkononi, akamtazama kila fundi machoni na kumwambia asante. Ujira ni jambo jingine kabisa. Bila karamu hiyo kazi huhesabiwa haijaisha.

Mwaka wa 1962 shada lilitundikwa. Mafundi wakakaa juu wakisubiri. Mwenye nyumba, bwana mmoja aitwaye Fensmark, alisimama chini na suti yake, akasema leo ana wageni kutoka benki, karamu itakuwa Jumamosi ijayo. Jumamosi ilipofika akasema Jumamosi ijayo. Shada likakauka, upepo ukalichukua. Fensmark akafa, hoteli ikauzwa, ikauzwa tena, mji ukapanda bei, mafundi wakahama mmoja mmoja. Aksel na Gerda wakaishia Fresno, kwenye chumba cha nyuma cha binti yao. Aksel hakulitaja jambo hilo hata siku moja. Alifia kitandani, akazikwa vizuri kwenye makaburi ya Askedal kando ya wazazi wake, na majira ya kuchipua yaliyofuata simu ikaja kutoka hotelini. Sauti ya adabu ikasema kuna mzee juu ya paa, anasema anasubiri bia, je, familia ingeweza kuja kumchukua?

Mwanzoni hoteli ililalamika sana. Kisha wageni wakaanza kuomba vyumba vya upande ule anakoonekana, na malalamiko yakaisha.

Karna angemwacha akae, kwa kweli. Mzee hakuwa anamsumbua mtu. Lakini Jumatatu Gerda alitakiwa kuhamia nyumba ya wazee, kwenye chumba walichokisubiri karibu mwaka mzima, chenye dirisha kubwa na muuguzi wa usiku. Karna mwenyewe alikuwa na miaka sitini na magoti mabovu, na mama aliyekuwa akiamka usiku wa manane kuwasha jiko na kwenda zake. Mwaka mwingine wa namna hiyo asingeuweza. Naye Gerda alikuwa amekata kauli: hahami popote wakati kaburi la mume wake liko tupu.

"Kwanza ateremke," alisema. "Halafu nipelekeni mnakotaka."

Basi baada ya chakula cha mchana Karna akasimama uani mwa hoteli, shingo ikianza kumuuma, akaita.

"Baba! Umeshindaje?"

"Nimeshinda nimekaa," Aksel alisema. "Umenenepa."

"Asante. Nimekuletea bia."

"Kama ile ya Pasaka?"

"Hii ni nzuri zaidi."

"Mwanangu, bia yako ni tamu, sikatai. Lakini wewe hukunijengesha nyumba. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Fensmark amekufa, baba. Amekufa zamani. Huko kwenu hamkutani?"

"Haji upande wetu," Aksel alisema, na wala hakuonekana kulitilia maanani.

Meneja wa hoteli akatoka akikimbia mbio ndogo. Alikuwa msichana aitwaye Shayla, mwenyeji wa Nevada, na kwa amri ya kampuni alivaa sketi nyekundu, aproni na kofia ya lesi kama mke wa mkulima wa Kidenmaki wa karne iliyopita. Alikuwa na roho nzuri, jambo lililomkera Karna zaidi, maana hakupata pa kumgombezea.

"Nina habari njema, mama," Shayla alisema. "Nimeongea na mwenye hoteli. Amekubali kufanya karamu."

"Yuko hapa?"

"Yuko Phoenix. Lakini yuko tayari kwenye simu. Kwa picha kabisa, mtamwona."

Mwenye hoteli aliitwa Merrill Prescott. Aliinunua kwa kuitazama kwenye picha na hakuwahi kukanyaga Askedal. Shayla aliifunga simu kwenye mti mrefu wa kusafishia madirisha, akaiinua mpaka ikafika usawa wa uso wa Aksel. Wageni wakakusanyika. Kwenye kioo cha simu alionekana mwanamume mwenye miwani ya jua, ameketi kando ya bwawa la kuogelea na chupa mkononi.

"Aksel, rafiki yangu!" Prescott alisema. "Kazi safi sana. Sisi sote tunakupenda. Maisha marefu!" Akanywa.

Wageni wakapiga makofi. Aksel aliinamisha kichwa upande, akakisoma kile kioo kama anayekagua ubao uliopinda.

"Hanitazami," alisema. "Anajitazama mwenyewe. Mwambieni apande."

Shayla akapaza sauti, akamweleza Prescott kwamba inabidi apande. Prescott akacheka kwa furaha.

"Kwa moyo wote! Ila wikiendi hii nimebanwa. Tuseme Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo," Aksel alirudia. "Sawa." Akarekebisha penseli yake sikioni, akageuka kutazama milima.

Hapo Karna uvumilivu ukamwishia. Aliiweka bia chini kwa kishindo, ikamwaga povu kwenye viatu vyake.

"Hivi baba, wewe mtu akikunyima hujui kwamba umenyimwa? Watakudanganya mpaka lini? Mji mzima unauza keki chini ya mbao zako na hakuna hata mmoja anayelijua jina lako. Ungekuwa hai ningekuelewa. Umekufa! Una kaburi zuri, limelipiwa, lina kivuli. Teremka ukalale, mama ana chumba Jumatatu, na mimi nimechoka. Nimechoka, baba."

Wageni walitazama viatu vyao. Aksel alimtazama binti yake kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya.

"Nikiteremka," alisema, "nani atakuwa amebaki kuwakumbusha?"

Karna aliiokota bia yake. Alimwambia mama yake akae garini atulie, akaenda kufuata kahawa, kwa kuwa ilikuwa saa tisa, na Mdenmaki aliyekosa kahawa saa tisa hasemezeki.

Foleni ya vitumbua ilikuwa ndefu na haikwenda. Mbele yake familia moja ilibishana muda mrefu kuhusu jamu, ya rasiberi au ya stroberi, mpaka Karna akatamani kuwachagulia. Aliporudi na vikombe viwili na sahani ya karatasi, mlango wa gari ulikuwa wazi na kiti kilikuwa kitupu, kina utomvu. Ngazi ya msafisha madirisha ilikuwa imeegemea ukuta wa hoteli. Gerda alikuwa amefika nusu yake.

Nyumbani Fresno, Gerda hakuweza kupanda vidato vya barazani bila kushikwa mkono. Sasa alipanda bila haraka wala kusita, shada ameliningʼiniza kwenye kiwiko kama mkoba wa kwendea kanisani.

"Mama! Shuka!"

"Usinipigie kelele, nitaanguka," Gerda alisema, akaendelea.

Alipofika juu Aksel alimnyoshea mkono.

"Umechelewa," alimwambia.

"Magari yalikuwa mengi."

Gerda alitembea juu ya mgongo wa paa, akaupata msumari wa zamani, akatundika shada. Kisha akakaa, akaweka sketi yake sawa. Korongo wa pili akasogea.

"Mama, tafadhali," Karna alisema kutoka chini. "Wewe hukuwa fundi. Hakuna anayekudai wala unayemdai."

"Nani kasema?" Gerda alisema. "Shada la kwanza nililisuka mimi. Na soseji za karamu nilizikaanga mimi, mke wa Fensmark aliniomba, eti jiko lake halijazoea wingi wa watu. Nilisimama hapo ulipo wewe na sufuria, naambiwa subiri kidogo, subiri kidogo, mpaka mafuta yakaganda. Nilikuwa nina mimba yako. Nikarudi na sufuria nyumbani, tukala soseji wiki nzima."

Karna hakuwahi kuambiwa habari za sufuria. Alisogea pembeni kidogo, kama aliyekanyaga mahali pa mtu.

"Kwa hiyo na mimi nasubiri," mama yake alisema. "Hiyo kahawa iweke kwenye ndoo uifunge kamba. Usimwage."

Zimamoto walikuja. Waliitazama hali ilivyo, wakala vitumbua, wakasema hawa wawili ni watu wazima, mmoja wao marehemu, na hakuna anayewaka moto. Daktari mmoja aliyekuwa mgeni hotelini alijitolea kupanda. Alishuka akasema mapigo ya moyo ya bibi ni mazuri kuliko yake, na ya mzee hayapo, kama ilivyotarajiwa. Usiku ulikuwa wa baridi, lakini Gerda alisema hasikii baridi. Karna hakulala. Alisimama dirishani kwenye chumba alichokilipia, chumba cha upande usiofaa, akisikiliza wazazi wake wakizungumza juu ya dari kuhusu majirani waliokwisha kufa.

Jumapili Shayla alimletea kifungua kinywa mwenyewe.

"Wageni wanalia, mama," alisema. "Wanasema hawajaona mapenzi kama haya. Bwana Prescott amefurahi mno. Ameagiza wawekewe taa."

"Na anakuja lini?"

Shayla alitazama aproni yake. "Ameshasema," alijibu.

Jumatatu Karna alipiga simu nyumba ya wazee. Kabla ya saa sita chumba chenye dirisha kubwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Siku hizi huenda Askedal kila wikiendi. Wenzake kliniki humwambia ana bahati kweli, wengine wanaishia kutazama mahali kama hapo kwenye kalenda. Yeye hubeba blanketi, dawa za presha za mama yake na soksi safi, akavituma juu kwa ndoo. Shada limeanza kuwa kahawia. Taa zimewekwa, za rangi mbili, na usiku huwamulika vizuri. Shayla amepandishwa cheo, amehamishiwa hoteli nyingine. Meneja mpya amerithi sketi ile ile, nayo inaburuzika chini.

Jumamosi iliyopita palikuwa na mawingu, magoti yakimuuma Karna tangu asubuhi. Alikuwa ameshika kamba, ndoo ikiwa katikati ya ukuta, mama yake alipoinama kutoka juu.

"Karna! Amekuja?"

Wageni waliokuwa uani waliinua nyuso, wengine wakainua simu. Karna alijua la kusema. Alikuwa amelifikiria njia nzima kutoka Fresno: kwamba hayupo, hatakuja, hata hajui ngazi ilipo. Aliwatazama wale wawili pale juu, wamekaa bega kwa bega, nyuso zao zikimngoja.

"Jumamosi ijayo, mama," alisema.

"Sawa," walijibu wote wawili.

Alifunga kamba kwenye ndoano, akaenda kupanga foleni ya vitumbua.