Chupa Iliyooshwa

Kabla jua halijapanda, dobi alikuwa ameshafua mashuka kumi na mawili ya nyumba ya wageni. Aliomba ruhusa, akajifuta mikono kwenye gauni na kukimbilia hospitali. Ilikuwa siku ya dawa ya mama yake, mofini ya maji, chupa moja kwa wiki mbili. Ya mwisho ilikuwa imeisha jana jioni. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na tangu alfajiri mama alikuwa akiuma mto ili majirani wasimsikie.

Kando ya dirisha la dawa palibandikwa orodha mpya ya serikali, imefunikwa nailoni isilowe. Daraja la kwanza la dawa za kulevya: heroini, kokeini, mofini. Dobi aliisoma mara tatu kwa kukosa la kufanya. Mama yake aliwahi kumfukuza mgeni kwa kuwasha sigara jikoni kwake, na leo amepangwa mstari mmoja na wauza unga. Chini ya orodha lilikuwepo tangazo kwamba hakuna kupewa chupa mpya bila kurudisha tupu. Hilo alilijua, na chupa alikuwa nayo.

Ilipofika zamu yake aliiweka dirishani, inang'aa. Aliiosha kwa sabuni na maji ya moto, akabandua hata ile karatasi iliyoganda ubavuni, akaianika usiku kucha. Kwao chombo cha watu hakirudishwi kichafu. Ukiazima sufuria, unairudisha safi kuliko ulivyoichukua, na yeye tena ni dobi.

Mfamasia aliigeuza geuza. "Lebo iko wapi?"

"Niliibandua, kaka. Nimeiosha."

Hakuwa mkali. Alimweleza kwamba namba ya mgonjwa iko kwenye lebo, na kwamba yale matone yanayobaki chini ndiyo yanayoonyesha kilichokuwamo. Chupa hii inaweza kuwa imeokotwa popote. Zamani angefumba macho, lakini mofini imepandishwa daraja, na akitoa bila namba atafungwa yeye. Kwa hiyo ilibidi aulize, na aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma kama hiyo dawa haikuuzwa.

Kwenye benchi watu waligeuka kumtazama. Mama mmoja alihamishia mkoba wake mkono wa pili. Dobi aliliona hilo, na uso ukamwaka kama aliyepigwa kofi. Alitaka kusema kwamba hajawahi kuiba hata kipande cha sabuni, lakini anayejitetea hivyo ndiye anayezidi kutazamwa.

Alipelekwa chumba cha pili, kwa karani wa dawa zilizodhibitiwa, mwanamke wa makamo aliyeonekana kuchoka na kazi yake tangu zamani. Karani alimsogezea fomu. Ilikuwa na visanduku vitatu: imepotea, imetumiwa vibaya, imeibwa.

"Hakuna cha kuoshwa?" dobi aliuliza.

Karani alidhani anafanyiwa mzaha. Alipoona si mzaha, alimfafanulia taratibu. Imepotea inataka barua ya polisi, siku tatu wakijitahidi. Imetumiwa vibaya, mgonjwa anafutwa kwenye daftari. Imeibwa nyumbani, anapata nusu chupa leo hii, mradi mwizi atajwe.

"Mnaishi wangapi?"

"Watatu. Mama, mimi na mdogo wangu."

"Mdogo wako anafanya kazi gani?"

"Anamwangalia mama. Alikuwa..." Dobi alisita, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. "Alikuwa anatumia. Zamani, mama. Ameacha, huu mwaka wa pili."

Karani alivua miwani. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

"Hajagusa. Yeye ndiye anayempimia dawa."

"Basi nenda polisi. Siku tatu si nyingi."

Kwa mwenye afya si nyingi. Dobi alimfikiria mama yake na ule mto, akachukua kalamu. Aliandika majina yote matatu ya mdogo wake, yale yale aliyomfundisha kuyaandika kwa mkaa sakafuni alipokuwa na miaka mitano. Akatia sahihi. Karani aligonga muhuri, kisha akamsomea sharti: aliyetajwa asilale kwenye nyumba yenye dawa, na ofisa atapita kesho asubuhi kukagua.

Nyumbani mdogo wake aliipokea chupa bila swali. Alivuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akammiminia mama mdomoni kidogo kidogo. Baada ya nusu saa mabega ya mama yalilegea. Alimtazama dobi na kumwambia Mungu amzidishie. Dobi alitoka nje haraka, na mdogo wake akamfuata.

"Mbona nusu, dada?"

"Nimekuandika wewe. Kwamba uliiba." Alimweleza yote, chupa, fomu, sharti, huku akitazama chini. Aliomba moyoni mdogo wake agombe, amtukane hata mbele ya majirani.

"Walikubali haraka?"

"Haraka."

"Nikitajwa mimi huwa wanakubali haraka," alisema.

Aliingia ndani, akatia nguo zake kwenye mfuko, kisha akamwita dada yake amfundishe kumgeuza mama.

"Usimshike hapa, atalia. Pitisha mkono chini ya nyonga. Mhesabie mpaka tatu ndipo umgeuze, asishtuke."

Dobi alijaribu. Mikono iliyokamua mashuka miaka yote ilibana mno, na mama akaguna. Mdogo wake alimwambia arudie. Mara ya tatu aliweza.

Mama akauona mfuko mlangoni. "Huyu anakwenda wapi?"

"Amepata kazi, mama," dobi alisema, bila kujua neno hilo limetoka wapi.

Mama alicheka kwa furaha, cheko dogo lililomchosha. "Niliwaambia watu. Niliwaambia huyu atakuwa mtu."

Dobi hakuweza kuinua uso. Mdogo wake ndiye aliyeinama na kumshika mama mkono.

"Ndiyo, mama," alisema. "Naanza kesho asubuhi."