Fimbo Nyekundu Shambani kwa Marehemu

Shamba la marehemu mume wangu, pembeni ya njia ya Salamabila, lilikaa bila jembe tangu wapiganaji walipofukia mabomu humo. Mwaka huu wakaja watu wa kuyatoa. Mkubwa wao, Cécilia, alisukuma masini ya magurudumu iitwayo rada. Inapiga mawimbi ardhini, kisha kwenye ekrani, kioo chake, unaona kilichofukiwa, hata kama si chuma. Penye bomu alisimika fimbo ya kichwa chekundu, halafu akazungushia shamba kamba.

"Mama Heri, kesho tunayalipua," aliniambia. "Utapanda muhogo wako."

Nikamshukuru Mungu, nikaibusu rozari yangu ya shingoni. Lakini Clovis, mdogo wa marehemu, alikuwa anatazama. Yeye ni mchimbaji wa dhahabu, na kule machimboni wenye masini wakiona dhahabu chini husimika fimbo vilevile.

Asubuhi, watu wa Cécilia hawajarudi bado, nikamkuta Clovis kwenye kamba na sururu.

"Shemeji, ile ni mabomu!"

"Mabomu!" Akacheka. "Munanifanya mutoto? Munachunga zahabu ya kaka yangu, wewe na ule mwanamuke."

"Kaka yako alikufia humu, Clovis. Tulimuzika nusu."

"Lile bomu lake lilishapasuka. Toka."

Sikutoka. Nikashika sururu kwa mikono miwili. Akanipiga kichwa usoni. Jino likavunjika, damu ikajaa mdomoni. Nikamng'ang'ania mguu. Akanikanyaga mkono mpaka mfupa ukalia.

"Baki na rozari yako!" Akaruka kamba.

Nikalala kifudifudi, nikaanza Salamu Maria. Sikuimaliza. Ardhi ilinirusha. Udongo wa moto ukanimwagikia, na kitu kizito kikaanguka karibu na kichwa changu: buti yake, na mguu ndani.

"Shemeji! Shemeji, njoo!" Alilia kama mbuzi anayechinjwa.

Katikati yetu kulikuwa na fimbo zingine. Nikafuata alama za magurudumu pasipo na fimbo, nikitambaa kwa mkono uliobaki. Nilimfunga paja kwa kitenge changu, nikakaza kwa meno, nikamvuta. Damu ilitufuata njia nzima.

Kwenye kamba akafumbua macho, akatazama lile shimo linalofuka moshi.

"Shemeji," akanong'ona, "zahabu imetoka?"

"Nyamaza, baba. Sali."

Hakusali. Nikamfumba macho.

Cécilia alifika mbio, akapiga magoti, akataka kunifunga mkono. Nikamzuia.

"Kwanza muniletee ile buti pale," nikasema. "Huyu tutamuzika kamili."