Mchanga Haurudishi Nafasi

Nyie mnaokuja kila Ijumaa kumwulizia Mwinjuma, ati awafundishe kukaa kimya, leo hayupo, na hata angekuwapo asingetoka ndani. Kaeni hapo jamvini, nitawaambia mie. Nina ulimi mkali, Temeke nzima inajua, basi atakayechomwa na avumilie.

Mume wangu ni fundi wa visima. Kabla hajanioa alikuwa kuli bandarini, mtu wa hasira mbaya. Alimpasua mdomo kuli mwenzake kwa neno la mzaha tu, akafungwa miezi sita. Usingizi hapati, chakula hakikai, tumbo linawaka moto mchana kutwa. Alipotoka kifungoni alipata kazi kwa mchimbaji mmoja wa Mtoni, na yule bwana alikuwa na sharti moja: hashuki kisimani mtu asiyejua kukaa. Kila alfajiri ukishasali unabaki juu ya mswala, umefumba macho, unavuta pumzi pole pole na Jina la Mungu moyoni, unaitoa kidogo kidogo. Mawazo yakija huyafukuzi wala huyafuati, unarudi kwenye pumzi yako. Basi. Hakuna hirizi, hakuna kombe la kunywa.

Kikao hicho kilimfaa, sitasema uongo. Mie nimeolewa na mtu mpole. Watoto wakivunja mtungi, jirani akimtukana, anavuta pumzi moja kwanza ndipo anajibu. Akiweka kichwa kwenye mto analala fofofo. Na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi, jamani! Ugomvi wa peke yako hauna raha. Nitafoka weee, mwenzangu ananitazama tu mpaka nimalize, halafu anauliza kama kuna chai.

Nikawa namcheka. "Gunia la chumvi limeshawekwa," nasema kila alfajiri nikimwona pale mswalani. Na sikucheka peke yangu. Ndugu yangu Bakari, tuliyetoka tumbo moja, alikuwa akichimba visima naye na kulala kwetu tangu mkewe alipomkimbia. Mwanamume wa miaka thelathini, mcheshi, mdomo kama wangu. Mwinjuma hakuchoka kumwambia, "Shemeji, njoo tukae. Kazi yetu hii inataka pumzi yenye adabu." Bakari atanitazama mie kwanza, nami namjibia: "Mwache ndugu yangu! Atakaa kimya vya kutosha akishazikwa." Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Neno hilo nililisema mie, kwa mdomo huu huu.

Mwaka wa arobaini na tisa, karani mmoja wa Bukoba, jina lake Audax, alijenga nyumba nyuma ya kwetu akataka kisima. Mchanga wa huku mnaujua, unateleza kama unga. Siku ya nne walikuwa chini wote wawili, kina cha pima tatu na ushei, wanapachika boriti za kuzuia kuta. Mie nilikuwa nawapelekea uji. Nikasikia mngurumo, wala haukuwa mkubwa. Nilipofika, kisima hakikuwapo. Palikuwa na bonde tu la mchanga mbichi, na kofia ya Bakari pembeni alipoiacha.

Nikapiga yowe. Watu wakaja na majembe na makarai, wakataka kuruka mle mle bondeni. Audax akawazuia: "Mtawafukia zaidi! Tuchimbe shimo jingine kando, tuwafikie kwa ubavuni." Wakaanza kuchimba kando. Ndipo nikaisikia sauti. Boriti zilikuwa zimeangukiana mshazari juu ya vichwa vyao na kuacha upenyo, na kwenye upenyo ule sauti ya Bakari ikapanda, nyembamba: "Dada! Dada!"

Nikalala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo. "Bakari! Mwinjuma yupo?"

"Yupo, mzima! Mchanga umetufika makwapani. Hataki kupaza sauti, anavuta pumzi zake."

Hasira zikanipanda, wallahi. Hata kaburini, gunia la chumvi! Nikapaza sauti: "Mwache huyo! Wewe ita, Bakari, piga kelele! Usinyamaze hata kidogo, wasije wakadhani umekufa wakaacha kuchimba!"

Hamtanilaumu, au nilaumuni mkitaka. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu akitumbukia anaitwa, akiitika yu hai. Watu wote pale waliniunga mkono. "Itika, Bakari! Itika!" Tulimwitisha adhuhuri, tukamwitisha alasiri. Sauti ikawa inapungua, nami nikamkaripia. Nilimkaripia ndugu yangu! "Mvivu we, hata kuitika tu kunakushinda?" Akaitika mara tatu. Jua halijatua akanyamaza.

Wengine wakaweka majembe chini. Mmoja haitiki, mwingine hakuitika tangu mwanzo, wanachimbia nini? Audax akavua shati lake la ukarani akaingia shimoni mwenyewe, wakaona haya wakamfuata. Walipasua ubavu wa kisima kesho yake saa nne ya asubuhi. Mwinjuma alikuwa hai. Ngozi ya kifua imechubuka, midomo ya kijivu, lakini hai. Bakari alikuwa begani pake, mchanga umemfika pale pale ulipomfika mwenzake. Hakuwa na jeraha hata moja.

Tulipomaliza matanga nilimbana Mwinjuma chumbani. Nilikuwa na chuki naye ambayo sijapata kuwa nayo kwa adui. "Shimo moja, mchanga mmoja. Ilikuwaje wewe ukatoka na ndugu yangu akabaki?"

Alinieleza taratibu. Alisema mchanga ukikubana kifua, kila unapoitoa pumzi yote kifua kinasinyaa, nao unateremka kuijaza ile nafasi. Ukitaka kuvuta tena, unakuta kifua hakipanuki kama mwanzo. Mchanga haurudishi nafasi. Kwa hiyo huitoi yote. Unavuta kidogo, unatoa kidogo, kifua kimejaa, saa baada ya saa, na moyo usiuache ukimbie. Mwenye hofu haliwezi jambo hilo kama hakulizoea siku za raha. Na anayepiga kelele anaitoa pumzi yote.

"Nilikuwa na mkono mmoja huru," alisema. "Nikamwekea begani, nikamwambia, shemeji, nyamaza, vuta pamoja nami. Akavuta. Halafu ukapiga yowe, ukaita."

"Na wewe ukamwacha aite?"

"Nilimsihi kwa Mungu. Akaniambia, 'Dada kasema nisinyamaze.'"

Wazee husema mdomo uliponza kichwa. Wangu mie umekiponza kichwa cha mwenzangu.

Mwinjuma hakai tena. Anasali alfajiri, anakunja mswala upesi, anatoka. Anasema akifumba macho na kuvuta pumzi, bega la Bakari liko chini ya mkono wake. Hasira zake za zamani zimerudi, tumbo nalo limerudi. Ndiyo maana hatoki kuwaona, na msimbughudhi.

Anayekaa ni mie. Nilianza baada ya matanga, kwa sababu nilikuwa nimejichana uso kwa kucha na watoto wananiogopa. Sikufundishwa na mtu, nilikumbuka tu alivyokuwa akikaa yeye. Siku za mwanzo kichwani ni soko la Kariakoo, natamani kupasua ukuta. Baadaye pumzi ikaanza kunisikia. Sasa mikono haitetemeki nikishika kisu. Sijamfokea mtoto tangu mwezi ulipoandama. Nalala saa tatu, nne. Kinafaa, nawaambia kinafaa, nendeni mkakae makwenu. Ila asiwadanganye mtu kwamba kinafuta kitu. Hakifuti. Kinakukalisha mbele ya jambo lako, nalo limekukodolea macho, na wewe hukimbii.

Siku ya arobaini ya Bakari, hitima imeshasomwa na watu wameondoka, nilimfuata mume wangu uani, akiosha sinia. Nilikuwa nimekaa na swali hilo siku zote hizo na nikaona sasa naweza kulibeba. Nikamwuliza, "Nisingeita, angepona?"

Nilitaka anidanganye. Jibu nilikuwa nimeshamwandalia: aseme siku ya Bakari ilikuwa imefika. Mie ningelipokea hilo kwa mikono miwili nikaondoka nalo.

Mwinjuma hajui kusema uongo. Akaliweka sinia chini.

"Angepona, Mwajabu," akasema. "Alikuwa ameshaanza kuweza."