Thelathini ya Kijani

"Thelathini," alisema Katibu wa hospitali, akiigonga skrini ya ukutani pale mapokezi kwa ncha ya kalamu. "Diski ya akiba imejaa asilimia thelathini tu. Sasa nafasi gani hiyo unayosema haitoshi, Mama Waya?"

Fundi wa kompyuta, aliyebandikwa jina hilo na wauguzi hadi akalizoea, aliikazia macho ile namba. Hasira zilikuwa zimempanda mpaka masikio yanamwaka moto. Kwa siku tisa mfululizo mashine iligoma kunakili faili za wagonjwa, na kila siku ilitoa sababu ileile: nafasi haitoshi. Kila alipolalamika, bwana huyu alimwonyesha ile thelathini ya kijani. Leo kaja na barua ya onyo kwa uzembe, akimtaka fundi aisaini kabla ya saa sita.

Lakini barua haikumuuma kama ule mlio. Tangu jana diski kuu ilikuwa ikikwaruza. Ingekufa leo, yote yaliyoandikwa kwa siku tisa yangekwenda nayo: nani kabadilishiwa dawa, nani ana damu ya kundi gani, nani hafai kabisa kudungwa sindano fulani. Na wagonjwa wenyewe walikuwa pale pale kwenye mabenchi, wakisubiri kuitwa.

Akarudi mezani kwake, akaipima diski ya akiba mwenyewe, bila kupitia skrini. Asilimia mia. Ilikuwa imeshiba nakala za miaka miwili ambazo hakuna aliyezifuta, maana skrini ilisema nafasi ipo tele. Akamlaani kimoyomoyo mjinga aliyeitengeneza skrini ile, yeye na waliomfundisha kazi. Kisha akaifungua programu ya skrini hiyo aone inavyopima.

Haikuwa ikipima chochote. Penye kipimo paliandikwa 30 tu, kisha tarehe ya sherehe ya ufunguzi wa hospitali na jina la aliyeandika. Lilikuwa jina lake.

Akakumbuka. Wageni walikuwa langoni, skrini tupu, Katibu kasimama nyuma ya kiti chake akihema. Weka namba yoyote, alimwambia, kesho utarekebisha. Naye akaweka. Hiyo kesho ilikuwa imetimiza miaka miwili. Alijichukia, na kumchukia kwake Katibu hakukupungua hata chembe.

Alimwita aje asome. Katibu alisoma, akajifuta shingo, akamsihi kwa sauti ya chini wayamalize wenyewe. Wakaguzi wanakuja kesho. Afute nakala za zamani, namba aiache ilivyo, na barua ataichana.

"Mficha maradhi," alisema Mama Waya, "nasi tuko hospitali." Akaifuta ile thelathini, akaweka kipimo cha kweli. Ukutani ikatokea mia, nyekundu. Watu kwenye mabenchi wakainua vichwa. "Barua usiichane. Mimi niliandika, nasaini. Wewe uliyeniamuru utasaini chini yangu."

Akafuta nakala za zamani, akabakiza ile ya mwisho ya kabla ya siku tisa, akaanzisha mpya, akasaini, akamsogezea karatasi.

Katibu aliishika kalamu bila kuandika. Diski kuu ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Wote wawili wakageukia kompyuta. Nakala ilikuwa imefika asilimia sita.